Mtaka cha Mvunguni Ainame, Lakini Asitambae

Wazee wetu walinena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sisi hatuna ugomvi na wazee. Kitu kikiwa mvunguni hakitoki kwa kukitazama ukiwa umesimama wima. Lakini hatujapata kusikia wazee wakisema kwamba mtu auze kitanda chake ili apewe ruhusa ya kuinama, wala kwamba huyu ainame na yule aletewe juu ya sinia kwa sababu ya rangi ya ngozi yake. Methali ni fupi, na wenye hila hupenda kujificha katika ufupi wake.

Juma hili twataka kunena habari za masharti: yapi ni ya haki, ambayo yampasa mtu kuyatimiza kwa moyo mweupe, na yapi ni ya hila, ambayo yampasa kuyakataa mchana watu wakiona. Mfano wetu twautoa mbali, katika vyuo vidogo vya Marekani na vyama vyao vya michezo. Msomaji asiseme, "Hilo latuhusu nini?" Avumilie kidogo. Kabla hajafika mwisho ataona kwamba maneno waliyoambiwa Weusi wa Marekani mlangoni pa vyama hivyo ni yale yale waliyoambiwa baba zetu walipodai kujitawala: "Ninyi bado. Hamjafikia kiwango. Ngojeni kwanza."

MASHARTI YENYEWE

Huko Marekani chuo hakichezi ovyo ovyo. Kikitaka timu yake igombee ubingwa wa taifa, lazima kwanza kiwe mwanachama wa chama. Vyama viko kadha wa kadha, lakini viwili twavitaja. Cha kwanza ni NCAA, kilichoanza mwaka 1906. Humo mna vyuo vikubwa vyenye fedha nyingi, na vidogo pia, na tangu mwaka 1973 wanachama wake wamegawanywa katika madaraja matatu. Cha pili ni NAIA, chama cha vyuo vidogo hasa. Hiki kilichipuka katika mashindano ya mpira wa kikapu yaliyoanza mjini Kansas City mwaka 1937. Mwaka 1940 kikawa chama, na mwaka 1952 kikapewa jina jipya ili kiwe cha michezo mbalimbali, si mpira wa kikapu peke yake.

Chuo kidogo kikibisha hodi huulizwa maswali. La kwanza: masomo yako ni masomo kweli? Yaani, unayo ithibati, ile hati ya wakaguzi wanaotambuliwa inayoshuhudia kwamba chuo ni chuo na si duka la vyeti? La pili: unayo michezo mingapi? NAIA hutaka isipungue 6. Daraja la tatu la NCAA hutaka chuo chenye wanafunzi 1,000 au pungufu kiwe na michezo 5 ya wanaume na 5 ya wanawake, na chenye zaidi ya hapo kiwe na 6 na 6. Daraja la pili hutaka isipungue 10, na la kwanza isipungue 14. La tatu: wachezaji wako ni wanafunzi wanaohudhuria darasani na kufaulu mitihani, au ni watu waliookotwa njiani kwa ajili ya Jumamosi? La nne: utalipa ada, utakubali kukaguliwa vitabu vyako, na utangoja miaka kadhaa ukiwa mwanachama wa majaribio?

Wako watu ambao wakisikia orodha kama hiyo hupiga kelele kwamba yote ni uonevu. Sisi hatusemi hivyo. Chama kisicho na sharti si chama, ni soko. Hata chama cha kuzikana cha mtaani kina daftari, kina ada, na kina kanuni ya nani azikwe na wenzake. Sharti la ithibati lamlinda mtoto wa maskini asipoteze miaka minne akacheza mpira kisha akapewa karatasi isiyotambuliwa popote. Sharti la mitihani lamlinda mchezaji asitumiwe kama punda wa mizigo, kisha atupwe goti lake likivunjika.

Na sharti la michezo ya wanawake? Hilo twalisifu zaidi. Mwaka 1960 katika Olimpiki ya Roma, Wilma Rudolph, binti wa chuo cha Weusi cha Tennessee A&I, alitwaa medali 3 za dhahabu katika mbio. Yeye na wenzake chini ya mwalimu wao Ed Temple walikuwa wakifanya kazi za chuoni ili wajilipie masomo. Dunia nzima ikawashangilia, lakini vyama vile viwili havikuanzisha ubingwa wa taifa wa wanawake mpaka miaka ya 1980. Sheria ya Marekani ya mwaka 1972 iliyokataza shule zinazopokea fedha za serikali kubagua wanawake ndiyo iliyofungua njia. Kwa hiyo leo chuo kikiambiwa kwamba timu za wanaume hazitoshi, lazima na za dada zao ziwepo, chuo hicho hakionewi. Chaelekezwa katika haki.

Basi hayo ndiyo masharti ya haki. Tumeyataja kwanza makusudi, ili mtu asitudhanie kwamba twatetea uvivu.

UKUTA ULIOPAKWA RANGI YA MLANGO

Sasa tuangalie upande wa pili. Baada ya utumwa kukomeshwa kule Marekani, Weusi walijenga vyuo vyao kwa senti za makanisa, kwa michango ya marafiki na kwa jasho la wanafunzi wenyewe, kwa sababu vyuo vingi vya Wazungu havikuwapokea. Vyuo hivyo vilikuwa vidogo na vya dhiki. Walipotaka kucheza, vyama vya Wazungu havikuwataka.

Wakafanya nini? Hawakukaa chini wakalia. Mwaka 1912 watu wa vyuo vitano, Hampton, Howard, Lincoln, Shaw na Virginia Union, walikutana Hampton katika jimbo la Virginia wakaunda chama chao wenyewe, CIAA. Na jambo la kwanza walilojishughulisha nalo ni lipi? Masharti! Nani ahesabiwe kuwa mchezaji halali, waamuzi wapatikane vipi, ratiba iheshimiwe vipi. Hakuna mtu aliyewalazimisha. Mwaka uliofuata, 1913, vyuo vya kusini zaidi vikaunda chama cha SIAC. Twaomba msomaji alishike jambo hili: watu walionyimwa mlango kwa kisingizio cha kiwango walikwisha kujiwekea kiwango wao wenyewe miaka arobaini kabla ya mlango kufunguliwa.

Kisingizio hicho kilikuwa uongo, na wenye kukisema walijua kuwa ni uongo. Ushahidi upo. Mwaka 1944 mjini Durham, North Carolina, palikuwa na timu mbili hodari za mpira wa kikapu. Moja ilikuwa ya chuo cha Weusi cha mji huo, ikifundishwa na John McLendon. Nyingine ilikuwa ya shule ya utabibu ya Duke, ya Wazungu watupu. Desturi za ubaguzi hazikuruhusu wakutane. Jumapili tarehe 12 Machi, asubuhi, watu wakiwa makanisani, vijana wa Duke walikuja kwa siri mpaka chuo cha Weusi. Milango ikafungwa, mchezo ukachezwa bila kutangazwa popote. Weusi 88, Duke 44. Mara mbili kamili! Kisha vijana hao wakafanya jambo lililokuwa kubwa kuliko ushindi: wakajichanganya, Weusi na Wazungu katika timu moja, wakacheza tena.

Twauliza: kiwango kilikuwa wapi siku hiyo? Kilikuwa ndani, kimefungiwa, na nje hakuna aliyeruhusiwa kujua. Ndiyo tabia ya ubaguzi duniani kote. Hauogopi kwamba mtu mweusi hawezi. Waogopa kwamba anaweza, na watu wataona.

Huyu McLendon yafaa tumjue. Alizaliwa Kansas mwaka 1915, akasoma katika Chuo Kikuu cha Kansas, na mwalimu wake alikuwa James Naismith, yule aliyebuni mpira wa kikapu mwaka 1891. Fikiri, ndugu msomaji! Kijana anafundishwa mchezo na mwenyewe aliyeubuni, lakini kwa sababu ya rangi yake haruhusiwi kuvaa jezi ya timu ya chuo. Alikuwa amefikia kiwango gani kingine zaidi ya hicho?

MLANGO WAANZA KUFUNGUKA

Ile NAIA ya vyuo vidogo nayo haikuanza ikiwa safi. Katika miaka yake ya kwanza, mashindano ya Kansas City yalikataza wachezaji Weusi. Mwaka 1947 mwalimu John Wooden wa Indiana State alialikwa, akaona kwamba mchezaji wake mmoja Mweusi, Clarence Walker, hataruhusiwa. Akakataa mwaliko wa timu nzima. Mwaka uliofuata chuo cha Manhattan cha New York nacho kikasema hakitakuja ikiwa katazo litabaki. Mwaka 1948 katazo likaondolewa, na Walker akacheza.

Twaona hapa fundisho la kwanza. Ukuta haukuanguka kwa sababu waliojengewa ukuta waliomba kwa adabu. Ulianguka walioko ndani walipokataa kuketi mezani maadamu mwenzao yuko nje.

Lakini mchezaji mmoja Mweusi katika chuo cha Wazungu si sawa na chuo cha Weusi kizima. Vyuo vyenyewe vilikuwa bado nje. Mwanzo wa miaka ya 1950 walimu wa michezo wa vyuo hivyo, McLendon akiwa mmoja wao, waliunda kamati moja ya kuvisemea vyote. NCAA haikuwafungulia njia ya kugombea ubingwa wake. NAIA ikawafungulia, na mwaka 1953 ikawa chama cha kwanza cha taifa kupokea vyuo vya Weusi. Hata hivyo viliwekwa kwanza katika wilaya yao peke yao, kama mgeni anayekaribishwa nyumbani lakini akatengewa sahani yake. Hawakukataa kuingia kwa sababu ya sahani hiyo. Waliingia, kisha wakaanza kuidai sahani ya wote.

Mwaka 1954 McLendon alihamia Tennessee A&I mjini Nashville. Timu yake ilipoalikwa Kansas City, yeye ndiye aliyetoa sharti: haji mpaka vijana wake walale katika hoteli na kula kama timu nyingine zote. Mtu aliyekuwa akiwekewa masharti maisha yake yote, siku hiyo aliweka lake, na likakubaliwa. Sharti lake halikuomba upendeleo. Halikuomba kikapu kishushwe. Liliomba kitanda na sahani tu, kama watu.

Ndipo dunia ikaona. Mwaka 1957 Tennessee A&I ilitwaa ubingwa wa taifa wa NAIA kwa kuishinda Southeastern Oklahoma. Mwaka 1958 ikautwaa tena kwa kuishinda Western Illinois. Mwaka 1959 ikautwaa mara ya tatu mfululizo kwa kuishinda Pacific Lutheran. Kilikuwa chuo cha kwanza cha Weusi kutwaa ubingwa wa taifa mbele ya vyuo vya rangi zote. Mwaka 1961 Grambling ya Louisiana ikafuata nyayo, na mwaka 1962 Prairie View ya Texas. Mwaka 1967 Winston-Salem State, ikifundishwa na Clarence Gaines, ikatwaa ubingwa wa vyuo vidogo katika NCAA yenyewe.

Mlango ulipofunguliwa mwaka 1953 waliambiwa watajaribiwa. Wakajaribiwa. Miaka minne haikupita mingi wakawa mabingwa. Iko wapi basi ile hoja ya kiwango?

NA SISI TUMO

Tulisema kwamba mambo haya yatuhusu. Lincoln, kimojawapo cha vyuo vitano vya mwaka 1912, ndicho alichosoma Nnamdi Azikiwe wa Nigeria, akapata digrii mwaka 1930. Ndicho alichosoma Kwame Nkrumah, akapata digrii mwaka 1939. Vyuo vidogo vya Weusi, vilivyoambiwa havijafikia kiwango cha kucheza mpira na Wazungu, vilikuwa vikipika viongozi wa mataifa.

Kisha ikaja zamu ya Afrika Mashariki. Septemba 1959 ndege ya kwanza ya safari zilizopangwa na Tom Mboya iliondoka Nairobi na wanafunzi 81 kwenda Marekani. Nauli ilichangwa kule kwao na watu wa kawaida pamoja na watu mashuhuri, akiwamo Jackie Robinson, yule mchezaji Mweusi aliyevunja ubaguzi katika besiboli. Wengi wa wanafunzi wa safari zile hawakupokelewa na vyuo vya fahari. Walipokelewa na vyuo vidogo, vya Weusi na vya Wazungu, vilivyokuwa tayari kubana nafasi na kutoa msaada wa karo. Na serikali ya kikoloni ilisemaje? Ilizidharau digrii za Marekani, ati si kama za Uingereza. Tena kiwango! Lakini uhuru ulipofika na ofisi zikahitaji watu, wale wenye digrii zilizodharauliwa walikuwa miongoni mwa walioshika kazi za taifa.

Hata katika michezo, watoto wetu wamepita vyuo hivyo. Mike Boit wa Kenya, aliyetwaa medali ya shaba ya mita 800 huko Munich mwaka 1972, alisoma Eastern New Mexico, chuo kilicho katika mji mdogo wa Portales ambao jina lake Waafrika Mashariki wachache walikuwa wamelisikia. Chuo kidogo si mtu mdogo. Wakubwa wengi wamelelewa katika nyumba ndogo.

UBAGUZI WA MKOBA

Msomaji asidhani kwamba habari imeishia hapo kwa furaha. Ukuta wa rangi ulipobomolewa, palianza kujengwa ukuta mwingine, na huu hauna rangi. Huu ni wa fedha.

Mwaka 2023 NCAA iliongeza ada ya kupanda daraja la juu kabisa la mpira wa Kimarekani kutoka dola 5,000 mpaka dola milioni 5. Twarudia, ili msomaji asidhani mpiga chapa amekosea: kutoka elfu tano mpaka milioni tano. Hakuna aliyeandika "Maskini marufuku." Hakuna haja ya kuandika. Bei yenyewe yajisomea. Na ada si mwisho wa gharama. Kupanda daraja ni kuongeza timu, walimu, madaktari, safari, viwanja na misaada ya masomo. Mwenye mali husema, "Masharti ni sawa kwa wote." Ni sawa kama vile tajiri na maskini wote wanavyoruhusiwa kununua meli.

Hapa ndipo twapaswa kuwaambia ukweli na ndugu zetu wa vyuo vidogo wenyewe, maana gazeti linalowasifu tu rafiki zake haliwasaidii. Kuna vyuo vilivyosahau kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Chuo cha Morris Brown mjini Atlanta, kilichoanzishwa na Weusi mwaka 1881, kilipanda daraja la kwanza la NCAA mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati hesabu zake zilikuwa zinayumba. Mwaka 2002 kilinyang'anywa ithibati kwa sababu ya mambo ya fedha. Wanafunzi waliokuwa zaidi ya 2,000 wakapungua mpaka chini ya 100. Hatusemi kwamba michezo peke yake ndiyo iliyokiangusha. Twasema kwamba ithibati ikienda, timu zote huenda nayo siku hiyo hiyo, hata ungekuwa na wakimbiaji kama swala. Na twasema pia kwa furaha kwamba watu wa Morris Brown hawakukata tamaa. Walikaa miaka ishirini wakijenga upya, na mwaka 2022 ithibati yao ikarudi. Hao ni watu!

Mji ule ule wa Atlanta una chuo cha wanawake Weusi kiitwacho Spelman, kilichokuwa katika daraja la tatu. Mwaka 2012 mkuu wake, Beverly Tatum, alipiga hesabu. Wanafunzi walikuwa zaidi ya 2,000. Wachezaji wa timu walikuwa kama 80. Gharama ilikaribia dola milioni moja kwa mwaka. Wakati huo huo wanawake Weusi wa nchi ile walikuwa wakisumbuliwa na kisukari na shinikizo la damu. Akasema: fedha hizi za wasichana 80 ziwe za wasichana wote. Chuo kikajitoa NCAA, na fedha zikaenda katika mazoezi ya afya kwa kila mwanafunzi. Wako waliosikitika, na twaielewa huzuni yao, kwa kuwa jezi ya chuo ni kitu cha fahari. Lakini hakuna awezaye kusema kwamba Spelman ilifukuzwa. Iliuangalia mlango, ikatazama watoto wake, ikachagua.

Huko Dallas kipo chuo cha Paul Quinn. Mwaka 2007 kiliacha mpira wa Kimarekani kwa sababu ya gharama. Mwaka 2010 uwanja wake ukalimwa ukawa shamba la mboga, maana mtaa ule haukuwa na duka la chakula bora. Chuo hakikuacha michezo yote, kiliendelea na ile iliyoweza kubebwa na mfuko wake. Mkulima wa kwetu akisikia habari hiyo hatahitaji kufafanuliwa. Usiache mbachao kwa msala upitao.

KIPIMO CHETU

Basi kutokana na mambo hayo sisi twatoa kipimo, na twadhani chafaa kwa chama cha michezo, kwa chuo na hata kwa mataifa yanapokaribishwa katika mikataba ya wakubwa.

Kwanza: sharti linamlinda nani? Likimlinda mwanafunzi, ni la haki, hata kama ni gumu. Likimlinda aliyekwisha kuingia asisumbuliwe na mgeni, ni la hila, hata kama limeandikwa kwa maneno matamu.

Pili: linaweza kutimizwa kwa juhudi? Mitihani hupitwa kwa kusoma, vitabu vya hesabu hunyooshwa kwa uaminifu, timu ya wasichana huundwa kwa nia njema. Lakini ngozi haibadilishwi kwa juhudi, na chuo chenye wanafunzi 700 hakiwezi kuokota milioni tano njiani.

Tatu: aliyeko ndani naye analitimiza? Sharti la mgeni tu si sharti, ni tusi.

Nne: ukilitimiza, mlango unafunguliwa kweli? Maana kuna milango ambayo kila ukifika wenye nyumba husogeza kizingiti. Weusi wa mwaka 1912 walikuwa na kanuni, wakaambiwa bado. Wa mwaka 1944 walishinda mara mbili, wakaambiwa bado. Neno "bado" lisilo na tarehe ni neno "hapana" lililovaa kanzu.

Kwa vyuo vidogo vya kwetu Afrika Mashariki, vinavyochipuka sasa mijini na mikoani, twasema hivi. Msichukie masharti ya haki. Safisheni vitabu vya hesabu kabla ya kununua jezi. Wapeni wasichana uwanja. Mwanafunzi akifeli, asicheze, hata akiwa ndiye mfungaji wenu. Tena msingojee kualikwa: vyuo vitano vyaweza kukutana katika chumba kimoja vikaandika kanuni zao, kama walivyofanya wale wa Hampton. Kwa wenye vyama, twasema: mkiweka ada, mtazameni chuo kilicho mbali na barabara ya lami kabla ya kuandika tarakimu. Uwanja wa udongo uliopimwa vizuri ni uwanja. Msidai majani ya Uingereza katika nchi ya vumbi.

Na kwa vijana wetu wanaopata barua kutoka vyuo vidogo vya Marekani kwa sababu ya mbio zao, twawaomba wasipande ndege kwa furaha peke yake. Waulize kwanza: chuo hiki kina ithibati ya nani? Ni mwanachama kamili wa chama gani, au bado yu katika majaribio, ambapo kwa kawaida hataruhusiwa kugombea ubingwa? Nikiumia mguu, masomo yangu yatalipiwa? Majibu yaje kwa maandishi. Suleiman Nyambui wa Tanzania alisoma na kukimbia huko El Paso, Texas, akatwaa medali ya fedha ya mita 5,000 huko Moscow mwaka 1980. Njia ipo, na ni njema. Lakini msafiri aulizaye njia hapotei.

McLendon alifariki mwaka 1999, akiwa amekwisha kuingizwa katika jumba la heshima la mchezo ule ambao chuo chake kilimnyima jezi yake. Hakushusha kikapu, wala hakukubali kulala nje. Aliinama alipokuwa akiokota mpira, na alipoupata akasimama wima. Vyuo vidogo na viige mfano huo, na mataifa madogo pia.